Neno la Watu wa Majogoo

Kijijini Arroyo Prieto, juu kidogo ya mji wa Moca, si wengi wangeweza kukuambia Docio Tavárez analima migomba mingapi, lakini hata mtoto wa kunyonya alikijua kiti chake. Kilikuwa kiti cha mkangazi, kimewekwa juu ya jukwaa pembeni mwa ulingo wa kupiganisha majogoo, na kila Jumapili mchana Docio alikipanda amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Alikuwa mtu mfupi, nyonga moja mbovu, sauti imemzidi umbo. Barabarani alikuwa mkulima kama wakulima wengine. Akishakaa pale juu alikuwa mwamuzi, na akisema jogoo huyu ameshinda, basi ameshinda, hata kama mwenye jogoo mwingine ana bastola kiunoni.

Watu wa mbali hudhani mchezo wa majogoo ni majogoo. Ndege ni sehemu ndogo tu, kazi yenyewe ni midomo. Mtu anasimama upande huu wa ulingo, anapaza sauti kwamba anaweka dau kwa jogoo mwekundu. Mwingine upande wa pili, ambaye pengine hawajawahi hata kusalimiana, anainua kidole kwamba amelichukua. Imeshafungwa. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, hakuna anayemshikia mwenzake fedha. Jogoo akianguka, aliyeshindwa anavuka mwenyewe kwenda kulipa kabla vumbi halijatulia. Ndiyo maana kwetu mtu akitaka kuapa hamtaji mama yake wala mtakatifu yeyote. Anasema, "Neno la watu wa majogoo," na mazungumzo yanaishia hapo.

Asiyelipa haingii tena uwanjani. Na mwamuzi ana sharti lake zaidi: chini ya paa lake hawezi kulala mtu aliyevunja neno. Ama amtoe mtu huyo nyumbani, ama ashuke kitini.

Docio aliwahi kulitimiza sharti hilo, na hapo ndipo jina lake lilipokua. Shemeji yake Toñito, ndugu wa mkewe, alikuwa akiishi kwake katika chumba cha nyuma. Jumapili moja Toñito akashindwa dau, akatazama huku, akatazama kule, akaingia mitini. Alirudi Alhamisi na fedha yote mkononi. Docio alimwambia mbele za watu kwamba dau la Jumapili halilipwi Alhamisi, akamfungia mlango wa uwanja na mlango wa nyumba siku hiyo hiyo, kisha akahutubia mpaka sauti ikamkauka. Kijiji kizima kilisema huyo ndiye mwamuzi. Mkewe Ercilia hakusema kitu, ila kwa miaka tisa kila alipompigia pasi lile shati la Jumapili alilipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Toñito alihamia kwa binti yake ng'ambo ya mto, akawa anakuja kusikiliza mapambano akiwa nje, kwenye benchi ya mama muuza vitumbua vya muhogo, sikio kwenye ukuta wa mbao za mtende.

Sasa, Docio na Ercilia walijaliwa mtoto mmoja tu, Joandry. Kijana huyo alianza kucheza besiboli kwa mpini wa ufagio na vifuniko vya chupa, akaishia kuwa mlinzi wa kituo cha tatu wa Wahunzi, timu ya jiji moja la baridi huko Marekani ambako theluji inaanguka hata mwezi wa nne. Alikuwa nyota wao. Katika jiji lile walichora uso wake kwenye ukuta wa ghorofa. Miaka mitatu nyuma, siku alipotia saini mkataba wake wa mwisho nao, aliwekewa maikrofoni mdomoni, naye akaweka mkono kifuani akasema kwa lugha yetu, bila kumngoja mkalimani: "Jezi hii nitazikwa nayo. Neno la watu wa majogoo."

Arroyo Prieto ililipuka. Watu walipiga fataki mchana kweupe. Wiki nzima Docio alitembea kifua kikitangulia, yeye akifuata nyuma.

Kwa hiyo utaelewa ilikuwaje Desemba ile, mkataba ulipomalizika na Joandry akawa huru kusaini popote, habari zilipotoka kwamba amewaacha Wahunzi. Habari ziliongeza kwamba Wahunzi walikuwa wamemwekea mezani fedha nyingi kuliko timu nyingine zote. Yeye amekwenda zake kwenye timu ndogo ya kusini, kwa fedha pungufu, na waandishi walipomuuliza sababu alitabasamu tu akawatakia Krismasi njema.

Docio alizikuta habari dukani kwa Ñeco. Huyu Ñeco alikuwa muuza duka, mfuga majogoo hodari, na mtu aliyekitamani kile kiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mezani wanne walikuwa wakicheza domino, Toñito akiwa mmoja wao.

"Ni mwanamke," mmoja wa wachezaji alikuwa akisema. "Mtu haachi fedha ila kwa mwanamke."

"Mwanamke gani? Wanawake wako kote. Ni baridi ile. Mimi nilikaa msimu mmoja tu kwa dada yangu kule, masikio yakataka kudondoka."

"Amegombana na kocha."

"Amerogwa."

"Afadhali angefuata fedha!" Ñeco akasema kwa sauti, maana alikuwa amemwona Docio anaingia. "Fedha tunaielewa sote. Mtu akivunja neno kwa fedha, tutamlaani, lakini tutamwelewa. Huyu kavunja bure! Kavunja kwa hasara! Karibu, Don Docio. Nikupe nini leo? Kahawa, au maji ya kutulizia moyo?"

"Nipe chumvi," Docio akasema.

"Chumvi unayo ya kutosha, naona." Kwetu mtu mwenye mkosi husemwa ana chumvi. Ñeco alipima chumvi polepole. "Ahadi ni deni, mzee. Si wewe uliyetufundisha? Jumapili tutakuwa na swali dogo. Kijana anakuja Krismasi, sivyo? Atalala wapi?"

Docio alichukua chumvi yake akatoka bila kuaga. Nyuma yake alimsikia Toñito, ambaye angekuwa na haki zote za kucheka, akigonga domino mezani na kusema, "Chezeni, nyie! Zamu ya nani?"

Nyumbani Docio alikataa kumpigia simu mwanawe. Alisema simu si mahali pa kuulizana mambo ya heshima. Kweli yake ni kwamba aliogopa jibu. Ercilia alipiga mwenyewe, akazungumza chumbani kwa sauti ya chini, akatoka amekunja uso.

"Anasema anakuja Jumamosi. Anasema ataongea na wewe, uso kwa uso."

"Aseme nini? Dunia nzima ilimsikia akiapa."

"Baba Joandry, nikuulize kitu." Ercilia aliweka simu mezani. "Ndugu yangu ulimfukuza humu ndani ili ukae pale juu. Nikanyamaza. Na huyu? Naye utamtoa? Niambie mapema nijue, maana safari hii mlango huo nitatoka na mimi."

Docio alichukua taa akaenda kuwatazama majogoo. Usiku ule na uliofuata aligaragara kitandani, nyonga ikimuuma, akimwona mara kijana, mara kiti. Aliona aibu kwamba vitu hivyo viwili viliweza kukaa kwenye mizani moja, lakini vilikaa, na mimi sitamsingizia utakatifu ambao hakuwa nao.

Joandry aliwasili Jumamosi asubuhi, ameendesha gari mwenyewe kutoka uwanja wa ndege, bila msafara. Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba kwenye vizimba, amempakata jogoo mwekundu, anamsugua miguu kwa ramu na majani. Kijana alivua kofia.

"Nibariki, baba."

Kwetu hiyo ndiyo salamu. Mtoto akija anaomba baraka, na mzazi anajibu hata kama wamekosana, hata kama mtoto ametoka jela. Docio alimgeuza jogoo upande wa pili akaendelea kumsugua. Dirishani mwa jiko sufuria ilianguka, au ilitupwa.

Joandry aliitundika kofia kwenye kizimba. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mikono, na baba yake, kwa mazoea tu ya miaka, akampa jogoo amshike. Mikono ile iliyokatiwa bima na matajiri ilimshika ndege chini ya mbawa vilevile kama zamani.

"Uliapa," Docio akasema.

"Niliapa."

"Kwa neno letu."

"Kwa neno letu. Na sijalivunja, baba. Lakini kuna jambo. Sababu ninayo, na nimempa mtu neno kwamba sitaisema ila kwako na kwa mama. Nikikuambia, na wewe utakuwa umefungwa. Hutaweza kuisema pale kitini, hata wakikutemea mate. Usipojua, kesho unaweza kusema hujui, mimi nikaenda kulala hotelini Moca, ukabaki na kiti chako. Sitakasirika. Sasa wewe chagua. Niseme, au nisiseme?"

Docio alifunga chupa ya ramu, akaifungua tena. Kumbe kijana alikuwa amelipima jambo lote, hadi kiti. Mlango aliouota usiku kucha ulikuwa wazi mbele yake, na mwanawe mwenyewe ndiye aliyemshikia.

"Sema," akasema.

"Unamkumbuka Fausto?"

Docio alimkumbuka. Mpanama mmoja mrefu, mzee, kazi yake kuwarushia wapigaji wa Wahunzi mipira ya mazoezi kabla ya mechi. Aliwahi kuja kijijini Krismasi moja, akala wali wa mbaazi wa Ercilia sahani tatu, akaomba na ukoko. Joandry alipofika kule kaskazini, kijana mdogo asiyejua kuagiza chakula zaidi ya kuku, Fausto ndiye aliyempeleka sokoni, akamtafutia koti, akamrushia mipira saa za ziada mpaka bega likamvimba, mwaka ule kijana aliposhindwa kupiga hata mmoja na wakubwa wakataka kumrudisha ligi ya chini.

"Siku ya kusaini," Joandry akasema, "niliingia kwa mwenye timu. Nikamwambia ninaomba kitu kimoja. Maadamu mimi nipo, Fausto yupo. Akikaa yeye, nakaa mimi, mpaka mwisho wangu. Akiondolewa yeye, naondoka mimi. Akacheka, akasema sawa, akanipa mkono. Wakala wangu akasema tuliandike kwenye mkataba. Baba, niliona haya. Mtu mzima amenipa mkono wake, nimwambie aandike? Si ni kumwita mwongo huko?"

Docio alifumba macho. Maneno hayo hayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, pale pale, Joandry akiwa na meno ya utotoni.

"Na yale ya televisheni?"

"Nilitoka mle ofisini nikakutana na maikrofoni. Nikasema nusu yangu. Nusu yake mwenye timu angeisema kwa kuitimiza."

"Endelea."

"Mwezi wa tisa macho ya Fausto yalianza kumchezea. Mpira ukamtoka, ukampata kijana mmoja begani, si kitu kikubwa. Kesho yake wamemwachisha kazi kwa ujumbe wa simu. Ujumbe, baba! Amesimama kwenye mashine ya kufulia, anangoja nguo zake. Nikaenda kwa mwenye timu, nikamkumbusha. Unajua alisema nini? Alisema, 'Neno gani?' Nilimtazama usoni. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau."

Docio aliweka chini chupa ya ramu. Juu ya kile kiti alikuwa ameona wezi, wakimbia madeni, na hata mtu mmoja aliyejifanya amezimia ili asilipe. Hao wote walijua wanachokikimbia. Mtu wa kusahau neno lake, kama mtu anavyosahau mwavuli, hakuwa amemwona bado.

"Halafu?"

"Akaomba radhi. Akasema basi, tumrudishe mzee wako, na wewe tukuongezee juu. Akataja kiasi. Nikamwambia jogoo akishatolewa ulingoni harudishwi."

"Ulimwambia hivyo?"

"Mkalimani alimtafsiria. Akauliza, jogoo gani?"

Docio hakutaka kucheka. Alijibana, mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka puani, Joandry naye akashindwa, na jogoo katikati yao akapiga kelele kwa kubanwa. Walicheka mpaka Docio akashika nyonga.

"Na kwa nini iwe siri?" akauliza alipopata pumzi. "Aibu ni ya yule aliyesahau."

"Kwa Fausto aibu ni yake. Kwao amesema amestaafu kwa hiari. Walimpokea kwa bendi, wakampa watoto wa mtaa awafundishe kushika gongo la mpira. Wakijua alifukuzwa kama mlinzi aliyelala zamu, ataificha wapi sura yake? Aliniambia, mwambie baba yako na mama yako, maana nilikula kwao. Wengine hapana. Nikampa neno."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya migomba. Docio alimchukua jogoo, akamrudisha kizimbani, akafunga mlango taratibu. Kulikuwa na swali moja alilotaka kuuliza, na lilimuuma kuliko nyonga, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kutodai karatasi.

"Unajuta hukuandika?"

"Hapana," Joandry akasema. "Tungeandika, mpaka leo nisingemjua ni mtu gani."

Docio alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili yenye harufu ya ramu. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Akubariki, akutunze, akuzidishie."

Ercilia alitoka jikoni analia na kucheka, mikono imejaa unga. Alikuwa amesikia yote dirishani, na sasa furaha ilimjia na mpango kamili. "Yule mke wa Ñeco! Kesho atanisikia! Nitasimama pale kanisani—"

"Hutasema," Docio akasema.

"Hata nusu?"

"Hata nusu, mama," Joandry akasema.

"Hata kwamba mwanangu si mwongo?"

"Hata hilo."

Ercilia alimtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akajipangusa uso kwa mkono akaacha unga shavuni. "Mungu wangu," akasema, "hivi nyie wanaume mnavipata wapi vitu hivi?" Lakini alikwenda kupiga pasi shati la kesho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa aliipitisha pasi taratibu.

Jumapili uwanja ulijaa kupita kiasi. Waliokuja kwa ajili ya majogoo walikuwa wachache. Joandry alikaa kwenye benchi la mbele chini ya kiti cha baba yake, kofia magotini, na watu ambao siku nyingine wangemkimbilia kupiga naye picha walitazama pembeni. Docio alipanda kiti chake. Majogoo wawili wa kwanza walikuwa tayari mikononi mwa wenyewe, Ñeco aliposimama upande wa pili na kuinua mkono.

"Kabla ndege hawajaingia, nina neno, Mheshimiwa Mwamuzi."

"Sema."

"Mwanao alitoa neno letu mbele ya dunia. Neno letu, si lake peke yake. Kule nje watu wakisikia neno la watu wa majogoo, wanatutazama sisi. Jezi ameivua na hajazikwa. Yuko hai, namwona, anapendeza." Watu wakacheka kidogo. "Jana amelala wapi?"

"Kwangu."

"Basi sharti unalijua wewe kuliko mimi. Amevunja, au hakuvunja?"

"Hakuvunja. Neno lilikuwa na masharti yake, likafunguka lenyewe."

"Masharti gani?"

Docio aliyatazama yale mabenchi yanayopanda duara kwa duara, nyuso za watu aliozaliwa nao. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, limeiva, tamu. Alijua kusimulia, na alijua kabisa angeanzia wapi: kwenye mashine ya kufulia. Wangelia hawa. Ñeco mwenyewe angelia, na Docio angekaa kile kiti mpaka afe, na baada ya kufa wangekifungia kamba asikikalie mtu mwingine. Aliufungua mdomo. Akamwona yule Mpanama mrefu akiwa na sahani mkononi, anaomba ukoko kama mtoto. Akaufunga.

"Nayajua," akasema. "Siyasemi."

Minong'ono ikaanza. Sauti ikatoka benchi za juu: "Toñito alikuwa na sababu pia! Ulimsikiliza?"

"Sikumsikiliza," Docio akasema. "Mwenye sababu asiyoweza kuionyesha hapa ni sawa na asiye nayo. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nilisema nikiwa hapa hapa. Haiwezi kuwa sheria kwa shemeji na isiwe sheria kwa mwana." Alisimama, akashika ukingo wa jukwaa, akaanza kushuka, mguu mmoja kwanza kwa sababu ya nyonga. "Nyumbani simtoi. Kiti hicho hapo, Ñeco."

Ñeco alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya saa nzima. Alibaki na mkono hewani. Docio alimpa Joandry mkono, na wale wawili wakatoka, watu wakiwapisha bila kuambiwa. Docio alidhani angejisikia kama mtu aliyevuliwa nguo. Badala yake alikuwa na fahari iliyomjaa mpaka kooni, fahari isiyokuwa na mtu wa kuonyeshwa, jambo ambalo kwa mtu wa aina yake lilikuwa zito kubeba.

Nje, Toñito alikuwa kwenye benchi yake, kitumbua mkononi, sikio ukutani. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Shemeji, umepotea njia? Hii ni benchi ya wakosaji."

"Sogea," Docio akasema.

Toñito alisogea. Joandry akamwomba mjomba wake baraka, akapewa, akaketi. Wakakaa watatu wakisikiliza mafuta yanavyochemka.

"Haya, tuko wenyewe sasa. Kilitokea nini?" Toñito akauliza.

"Sisemi."

"Hata kwangu?"

Docio alitazama viatu vyake. Toñito aliacha kutafuna. Alimkagua shemeji yake kama mtu anayemkagua jogoo wa kununua, akamzunguka kwa macho juu mpaka chini.

"Siku uliyonifukuza mimi ulipiga kelele mpaka jioni," akasema polepole. "Miaka arobaini nakujua, Docio. Ukiwa na haki unapiga kelele, ukikosea unapiga kelele, hata usingizini, dada yangu ananiambia, unapiga kelele. Leo wamekushusha kitini na hujasema kitu." Alimgeukia Joandry, akarudi kwa Docio. "Ala! Wewe unaijua kweli, na umefungwa mdomo. Huyu kijana ni msafi kama maji ya mtungini."

Docio hakuinua macho, lakini kidevu kilimtetemeka, na Toñito hakuhitaji zaidi. Aliruka kutoka kwenye benchi, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mbao za ukuta, akapaza sauti kwa ule mlio wa kuwekea dau ambao hakuwa ameutoa kwa miaka tisa.

"Naweka jogoo wangu mweupe kwa neno la Joandry Tavárez! Nani anachukua upande wa pili?"

Mtu mmoja ndani akasema, "Sauti ya Toñito humu haina uzito."

"Najua haina," ikajibu sauti ya Ñeco, na ilitoka juu, kitini. Alikohoa. Kilichompata pale juu hakuwahi kukieleza. Labda kiti kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, labda na yeye alikuwa amemjua Docio miaka arobaini. "Basi nalisema mimi. Naweka jogoo wangu Kanali kwa neno la Joandry Tavárez, mwana wa Docio. Sababu siijui, na sijaisikia. Nani anachukua upande wa pili?"

Hakuna aliyejibu.

"Nani anachukua? Kanali, mnamjua! Hajapigwa tangu Pasaka!"

Mama wa vitumbua alisahau kugeuza vitumbua vyake.

"Kwa mara ya mwisho. Nani yuko tayari kuweka dau kwamba kijana huyu ni mwongo?" Ñeco akangoja, akangoja sana. "Hakuna. Dau limesimama peke yake, basi neno halikuvunjwa. Fungueni mlango huo. Docio! Njoo uchukue kiti chako, kinaniumiza mgongo!"

Mlango wa uwanja ukafunguliwa. Joandry akasimama, macho yamemlowa.

"Baba, wanatuita."

Docio alijipangusa uso kwa mkono wa shati jeupe, akalichafua vizuri. Akamvuta Toñito kwa mkanda mpaka akaketi tena upande wake wa kushoto. "Tutaingia watatu, au hatuingii," akasema. Kisha Docio akamshika mwanawe mkono na kumkalisha kulia kwake, akanyoosha mgongo, akaweka kifua mbele.

"Wangoje kwanza," akasema. "Kaa hapa karibu yangu. Nataka watoke wote waje hapa mlangoni, waone nimekaa na nani."